Unene wa Ukuta

Mwanhegele, Kharumwa
3 Septemba 2023

Kwa baba mdogo Pantaleo,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi naanza vingine: mzima niko, hofu sina, na wewe huko Ushetu umezungukwa na wajukuu na vitalu vya tumbaku, kwa hiyo hofu ya nini? Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka. Simu ya mwanao Luka ipo, najua, lakini masikio yako yalibaki kwenye mashine ya kuchoronga miamba, na meseji akishaisoma mke wa Luka imesomwa na kata nzima. Hii nampa konda wa basi la Kahama, ataiacha dukani kama kawaida.

Mama anakusalimia. Miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne inamwachia anakwenda shamba. Ameanika michembe ya viazi ya kutosha, nitakutumia. Jirani yetu Scolastika, yule mjane tuliyepakana naye majaruba ya mpunga, anauliza kila wiki kama umeoa tena. Nimemwambia bado unachagua.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi, na ni pale pale mlimani kwenu, kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa. Wenye mgodi wameleta kampuni ya kuangalia maji mpaka eneo lirudishwe kijijini. Walitaka mtu wa hapa aliyemaliza kidato cha nne na asiyeogopa kupanda. Kila Jumatatu na Alhamisi napanda mpaka kwenye mdomo wa njia ya chini, ile iliyofungwa kwa ukuta, ambako bomba linatoa maji ya ndani ya mgodi. Naweka ndoo ya lita ishirini, naangalia saa inajaa kwa sekunde ngapi, naandika. Kisha nachovya kidude kama kalamu kinachosema maji yana ukali gani: saba ni salama, ikishuka ujue ukali umezidi. Najaza chupa mbili za maabara, nashuka kupima kina cha visima vitatu vya kitongoji, nimemaliza. Msimamizi wangu anaitwa Gregory, anakaa Geita, anakuja mara moja kwa mwezi na viatu visivyofaa.

Wiki ya kwanza ndoo ilijaa kwa sekunde tisa. Maji yalikuwa na rangi ya kutu na kalamu ilisema tano na nusu.

Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Kwenye plasta ya ule ukuta, chini pembeni, kuna herufi zilizochorwa kwa msumari: T.N. na P.N., 2011. Theonest Nkwabi na Pantaleo Nkwabi. Nilikaa chini nikazigusa. Baba ana miaka saba kaburini na sijapata kuona mahali pengine alipoandika jina lake. Nilimwonyesha Gregory kwa majivuno, naye akasema basi muulize huyo aliye hai ukuta una unene gani, maana kwenye fomu yake kuna nafasi wazi na ramani za zamani hazionekani.

Nijibu hilo, nami nitakutumia michembe.

Mwanao mpima maji,
Noela


Ushetu
1 Oktoba 2023

Mwanangu Noela,

Marahaba. Barua yako ilikaa dukani siku tisa juu ya mizani kabla mtu hajakumbuka kwamba nina jina. Mimi niko. Mgongo unauma wakati wa kumwagilia vitalu, lakini miche imesimama vizuri na Luka ameanza matuta. Mjukuu wa mwisho ameota meno mawili. Analia, mimi sisikii, tunaelewana.

Mwambie Scolastika nimeshachagua, nimechagua kulala mapema.

Nimefurahi umepata kazi. Kazi yenyewe sikuifurahia. Mimi na baba yako tuliimaliza ile milima kwa niaba ya ukoo wote, haikuwa lazima na wewe upande. Tumbaku ikianza kuvunwa tutahitaji mtu wa kupanga madaraja ya majani, mwenye jicho na hesabu. Njoo. Chumba kipo, na mama yako aje pia, hewa ya huku itamfaa miguu.

Kama huwezi kuja upesi, basi nisikilize hili. Ukifika pale usisimame mbele ya bomba wala mbele ya ukuta. Simama kando, mkono wa kulia, kwenye ule mwamba, na ndoo uisogeze kwa kuinama. Usiulize sababu. Nimekaa chini ya ardhi miaka ishirini na moja, ni mazoea tu.

Hiyo fomu mwachie mwenye fomu.

Je, mama yako bado analala chumba cha upande wa mlima?

Ni mimi baba yako mdogo,
Pantaleo


Mwanhegele
22 Oktoba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi tuko salama, na mvua ya kwanza imeanguka juzi, vumbi limelala. Redio inatangaza mvua kubwa mwaka huu mpaka watu wamechoka kusikia. Mama halali: yeye na Scolastika wameshaanza kutengeneza kingo za majaruba chini ya mlima, wanapimana nani atakuwa na mpunga wa kwanza. Ndiyo, bado analala chumba cha upande wa mlima. Ndicho chumba chake tangu baba alipoijenga nyumba. Ulitaka alale wapi, jikoni?

Kazi inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Ndoo sasa inajaa kwa sekunde kumi na nne. Ile rangi ya kutu imepungua, na kalamu imepanda mpaka sita. Gregory amefurahi sana. Amesema namba zikiendelea hivi mpaka mwakani, eneo litakabidhiwa, ng'ombe watapita na watu watapewa viwanja. Kijijini wameanza kuniita Daktari wa Mlima.

Nasimama kando kama ulivyosema. Mgongo unauma kwa kuinama na wachungaji wananicheka. Sababu hujaitaja, na swali langu hukulijibu. Nafasi kwenye fomu bado iko wazi. Ukuta una unene gani? Wewe ndiye uliyeujenga, si kitu cha kusahau.

Noela


Ushetu
5 Novemba 2023

Noela mwanangu,

Marahaba. Tunapandikiza tumbaku, sina muda mrefu, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye mpini wa jembe. Wote wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu. Maji ya mgodi nayajua kuliko nilivyomjua marehemu mke wangu. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa mtu wa pampu. Pampu ikizimika saa mbili tu, watu wa chini walikuwa wanapanda ngazi wakiwa wamelowa mpaka kiunoni. Tulipoambiwa tuzizime kwa mara ya mwisho, nilijua mlima unaanza kujaa, na ulijaa, hata mwaka haukuisha. Kinachoingia kwenye ndoo yako ni ziada tu.

Kwa hiyo ziada ikipungua wakati mvua inanyesha, usishangilie na usimwache huyo Gregory ashangilie. Maji hayajakwenda popote. Yamo humo, yanasimama nyuma ya ukuta, na kutu imetulia chini ndiyo maana unayaona safi.

Angalia kama kuna kitu ndani ya bomba. Mizizi, jiwe, mnyama, chochote. Angalia na kama ukuta unatoa jasho. Kisha niandikie siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili.

Na mtoe mama yako kwenye nyumba ile. Naogopa, Noela. Nimeandika neno hilo ili usidhani ni uzee.

Unene usiandike chochote.

Pantaleo


Mwanhegele
26 Novemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Tunaendelea. Mbegu za mpunga zimeota kitaluni. Mama amekataa kuondoka. Amesema Pantaleo akitaka kumhamisha mtu ahamishe kwanza masikio yake arudi nayo.

Ndoo inajaa kwa sekunde thelathini na moja. Mvua zinanyesha karibu kila siku.

Ukuta unatoa jasho. Kuna doa upande wa kushoto, juu ya herufi zenu, lilikuwa kama sahani, sasa ni kama sinia. Nikiligusa ni la baridi. Gregory nimemtumia picha, akajibu kwamba ni mvua.

Kuhusu kama kuna kitu ndani ya bomba, bomba ni refu na jicho halifiki mbali.

Fomu ilirudishwa kwangu kwa kuwa na nafasi wazi. Gregory alisema kuta za namna ile huwa ni mita moja ya zege, niandike mita moja. Nimeandika, na nimetia sahihi yangu. Sasa nakuuliza kwa mara ya tatu, na si kwa ajili ya fomu. Ni mita moja?

Usiku silali vizuri. Mwanzoni nilikuambia hofu sina, nafuta maneno hayo.

Noela


Ushetu
10 Desemba 2023

Noela,

Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha uitie motoni.

Ukuta ule una unene wa tofali moja. Tofali la kuchoma, plasta mbele. Nyuma yake tulipanga viroba vya marudio, ule mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, ili mtu akigonga asisikie uwazi. Ramani ilitaka mita moja ya zege na nondo. Mkubwa wetu wa siku zile alikuwa ameshapakia vyombo vyake kwenye gari, na wakaguzi walitazama kutoka barabarani, wakaandika, wakaenda kula.

Simenti iliyoletwa ilishuka mlimani kwa trekta la mgodi, mchana, mbele ya watu. Iko kwenye sakafu unayokalia. Iko kwenye msingi na kwenye ile karo ya kuoshea vyombo ambayo baba yako aliwaonyesha wageni wote. Alikuwa amechimba dhahabu miaka kumi na minne na masika yaliyotangulia ukuta wa udongo wa nyumba yenu ya zamani ulikuwa umewaangukia mkiwa mmelala. Wewe ulitolewa chini ya udongo ukiwa na kovu lile la paji. Wazo lilikuwa langu. Nakuomba uamini hivyo hata ukija kusikia vingine.

Bomba tuliliweka pana kuliko la kwenye ramani. Nilimwambia baba yako, mradi bomba liko wazi maji hayatausukuma ukuta, hata turubai lingetosha. Miaka kumi na miwili nimelala kwa sababu ya bomba lile. Na wewe unaniandikia kwamba linaziba.

Mtoe mama yako. Mwambie lolote, mwambie naumwa, mwambie nimekufa. Kwa watu wengine usiseme, maana wakiujua ukuta watauliza majina, na majina yako pale pale kwenye plasta. Baba yako hayupo kujitetea.

P.


Mwanhegele
18 Desemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, sijui kama hujaandika au konda kaipoteza. Nakuandikia hivyo hivyo.

Nilikudanganya barua iliyopita. Kitu ndani ya bomba nilikuwa nimeshakiona. Tarehe 13 Novemba niliingiza mkono mpaka kwapani nikagusa kitambaa. Nikamulika kwa simu. Ni gogo limeviringishwa gunia, na juu ya gunia kipande cha kitenge cha njano kilichofungwa kwa kamba ya katani. Kitenge hicho nimebebwa nacho mgongoni nikiwa mdogo.

Nilishuka nyumbani nikamkuta mama na Scolastika wanachambua mbegu. Scolastika alipoondoka nikauliza. Mama hakuona aibu hata kidogo. Alisema mgodi ni lambo lililofunikwa, basi. Lambo unaliziba mvua za mwanzo, ili Januari mvua ikikatika kama inavyokatika kila mwaka, na mpunga unataka kupandikizwa, ufungue. Ndivyo babu zake walivyofanya na malambo yao, na hakuna lambo lililomdhuru mtu. Yeye na Scolastika walikuwa wanapokezana, kila Jumapili baada ya misa mmoja anapanda kulisukuma gogo ndani zaidi. Kwa miguu ile, baba mdogo. "Maji yanakwenda bure mtoni, mayu," aliniambia. "Wewe unayahesabu tu. Sisi tunayatunza."

Niliogopa angekamatwa. Kwenye daftari niliandika mtiririko umepungua, sababu haijulikani. Nimeyaandika maneno hayo mara kumi.

Leo nimelivuta. Nilimwambia mama kwamba mpunga upate maji usipate, mimi navuta. Nilisimama kando kwenye mwamba wako, nikafunga kamba kwenye gogo, likatoka mara ya tatu pamoja na gunia. Nilijiandaa kwa maji mengi. Hayakutoka. Lilichuruzika tope zito la rangi ya kutu, likakoma. Nikaingiza ufito, ukagonga kitu kigumu ndani. Tope limegandia huko nyuma ya gogo na mimi sina cha kulivunjia.

Nilimpigia Gregory nikamwambia ndoo haijai kabisa. Alisema sifuri ni namba nzuri kuliko zote, maana yake mgodi umekauka, tutaonana baada ya sikukuu. Habari ya gogo sikumwambia. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, na kisima cha shuleni, ambacho nilikuwa nakishushia kamba mita tisa, leo nimeyafikia maji kwa mkono.

Nieleze la kufanya. Wewe ndiye pekee unayeyajua haya maji.

Noela


Mwanhegele
15 Januari 2024

Baba mdogo,

Barua yako ya tarehe 10 Desemba imenifikia jana. Konda alikwenda kwao kwa Krismasi, ikabaki kwenye koti lake. Nadhani yangu na yako zilipishana njiani.

Niliisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Nilipofika katikati niliinuka nikahamia kwenye kigoda.

Mwezi mzima nilikuwa nimemsihi mama kwa habari ya maji, akanicheka. Jana nilimwambia habari ya simenti. Aliitazama ile karo. "Nilijua haikununuliwa," alisema. "Sikuuliza ilitoka wapi, kwa kuwa nilikuwa naitaka." Kisha akaanza kufunga nguo zake. Leo asubuhi nimempeleka Kharumwa kwa mdogo wake Lusia. Hakutaka kuondoka na kitu chochote cha ndani, hata sufuria.

Scolastika alikuja kuuliza mbona safari ya ghafla. Nilimwambia mama amekwenda kutibiwa miguu. Alisikitika, akasema nisihangaike na shamba, atayapandikiza majaruba yetu kwanza, yake yatafuata. Nilimshukuru.

Barua yako sijaichoma. Kuni zimelowa.

Noela


Kharumwa
11 Februari 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mimi na mama tuko hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Alhamisi ya tarehe 25 nilipanda kama kawaida, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka. Hata sifuri hupimwa: unaweka ndoo, unangoja dakika tano kwa saa, unaandika. Nilisimama kando, mkono wa kulia, kwenye mwamba. Doa lilikuwa limeenea ukuta mzima na plasta imevimba pale kwenye herufi zenu. Nilikuwa nimefika dakika ya tatu niliposikia kitu kinachanika, taratibu, kama gunia linapochanwa kwa mkono. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Nilipogeuka tena ukuta haukuwepo.

Maji yalipita mbele ya uso wangu, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Yalikuwa mekundu na yalichukua ndoo, njia, mawe, miti ya mbele. Kama ungeniambia nisimame kushoto nisingekuandikia leo. Yalitoka kwa nguvu ile kwa muda ambao siujui, saa nilikuwa nimeishika na sikuiangalia.

Chini kwenye majaruba alikuwepo mtu mmoja. Wanawake wengine walikuwa wamekwenda mnadani. Alikuwa ameinama, kanga imefungwa kiunoni, anapandikiza, na alikuwa kwenye jaruba letu, si lake. Nilipiga kelele. Aliinua kichwa akanitazama mimi, hakutazama maji. Nadhani alitaka kunipungia mkono.

Tulimpata Scolastika siku ya pili, karibu na daraja. Watu walimtambua kwa kanga.

Nyumba imekwenda. Sakafu imebaki, imekaa katikati ya tope, safi kabisa, na karo imesimama juu yake. Watoto wamekuja kuitazama. Mpunga umekufa wote mpaka mtoni, na kwenye visima kalamu inasema tatu na nusu. Tunakunywa maji ya kuletwa kwa lori.

Baba mdogo, mimi nilimtoa mama yangu. Mama wa watu nilimwambia uongo wa miguu, kisha nikamshukuru kwa kunilimia. Uliniandikia nisiseme kwa wengine, nami nilitii, na sikutii kwa sababu yako peke yako. Nilitii kwa ajili ya zile herufi za baba. Siku kumi zilitosha kukitoa kitongoji kizima. Nilizihesabu.

Gregory alikuja na wakubwa wake wawili. Walisema ni mvua za mwaka huu, hakuna ukuta ungezihimili, na ramani zilizopatikana sasa zimeonyesha ni mita moja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika mita moja. Herufi zenu zimekwenda na maji. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine. Ningeweza kunyamaza na ingekuwa imekwisha.

Jana nimepeleka maelezo yangu polisi, kurasa nne. Nimeandika mpima maji aliyejua miezi miwili akanyamaza, jina lake nimelitanguliza. Nimeandika waliotia gogo. Mama alijitaja mwenyewe, akasema nisimsahau. Nimeandika Gregory na sifuri yake. Nimeandika unene wa ukuta ni tofali moja na walioujenga ni Theonest Nkwabi na Pantaleo Nkwabi, na barua yako nimeiambatanisha.

Watakuja kukutafuta. Nimeona usikie kwangu kwanza.

Noela


Ushetu
25 Februari 2024

Mwanangu Noela,

Marahaba.

Barua hii ya mwisho konda aliileta mwenyewe mpaka shambani. Habari zote alikuwa amezisikia njiani, ila hakujua zinanihusu.

Nina jambo ambalo halimo kwenye kurasa zako nne, uwape waliongeze. Barua yako ya Desemba, ile ya gogo, niliipata tarehe 19 Januari. Nilikaa nayo siku sita. Simu ya Luka ilikuwa juu ya meza, ina chaji, na mke wake alikuwa anapita pale kila saa. Ningemwambia apige, angepiga. Ila ningelazimika kumwambia la kusema, kwa sauti, ndani ya nyumba ya mwanangu. Nilikuwa nafikiri nitaandika barua Jumapili.

Wazo la simenti halikuwa langu peke yangu. Hilo nalo uliandike. Nilitaka kumfunika baba yako, na nimechoka kufunika.

Luka nimemwambia jana. Aliandika kwenye udongo kwa kijiti ili nielewe vizuri, akauliza kama nilikuwa najua kuna watu chini. Nilimwambia ndiyo.

Nakuja kabla hawajanifuata. Nitapanda basi la Alhamisi, na konda atanishusha Mwanhegele, sitafika kwenu Kharumwa. Usije kunipokea. Nataka kwenda kwanza kwa watu wa Scolastika, niwaambie mimi ni nani. Wakinifukuza nitakaa barabarani mpaka polisi waje. Wakinitukana sitasikia, kwa hiyo nakuomba jambo moja tu: uwaombe mapema waniandikie, nami nitasoma mbele yao.

Msalimie mama yako. Kama hazipokei salamu zangu, usimlazimishe.

Pantaleo Nkwabi